Hosea na Ng'ombe Namba Sita

Kama Nuhu angekuwa na cheklisti ya Hosea, safina isingeondoka. Gharika ingemkuta bado yuko mlangoni na peni, anahakiki sisimizi: dume, tiki, jike, tiki, miguu sita, hesabu tena.

Hosea ni binamu yangu. Anatunza majalada katika ofisi moja hapa Nduguti, kazi aliyoifanya miaka minne bila kumsumbua mtu. Mwaka jana shetani akampitia bosi wake, akampeleka Hosea semina ya siku tatu Singida Mjini. Wenzake walirudi na begi la semina na kitambi cha chai ya saa nne. Yeye alirudi na imani mpya.

"Binamu," aliniambia, hata begi hajatua, "unajua kwamba rubani mwenye uzoefu wa miaka thelathini bado anasoma cheklisti kabla ya kurusha ndege?"

"Sijui. Mimi nashona viatu."

"Ndiyo maana hujafika mbali."

Kesho yake mlango wa jiko la mama yake ulikuwa na karatasi. Kuchemsha chai, hatua kumi na moja, kuanzia "Washa moto" hadi "Zima moto", kila hatua na kisanduku chake cha kutiki. Mama yake, mama Luciana, ambaye amechemsha chai tangu kabla Hosea hajazaliwa, aliisoma yote kwa utulivu. Halafu akachukua peni akatiki hatua zote kumi na moja kwa mpigo, moto wenyewe haujawashwa.

"Sasa mama, mbona umetiki kabla?"

"Ili karatasi itulie, nifanye kazi zangu."

Bodaboda nao walipata sehemu yao. Hosea alikuwa hapandi pikipiki kabla ya kukagua breki, taa, vioo, tairi, kofia ngumu na dereva mwenyewe. "Jana umelala saa ngapi? Umekula nini? Una ugomvi nyumbani?" Wiki mbili tu zikatosha. Akitokea kijiweni, kila dereva anakumbuka kwamba hana mafuta.

Nisimwonee. Tangu aanze karatasi zake, dawa za presha za mama Luciana hazijawahi kuisha ndani ya nyumba hata siku moja, na hilo mimi mwenye akili za kukumbuka kichwani siwezi kujivunia kwa mama yangu. Basi sikumcheka sana. Nilimcheka kiasi.

Tatizo likaja alipotaka kuoa.

Binti anaitwa Jesca, wa mzee Simeoni, mfugaji wa kijiji kilicho mwendo wa saa tatu kutoka hapa ukiwa na ng'ombe. Hosea alimpenda yule binti, hilo sitanii. Alikuwa akitajiwa jina lake anaacha hata kuandika. Mzee Simeoni alitaja mahari: ng'ombe sita, wote kwa pamoja, siku ya Jumamosi. Na akasema jambo jingine, kwa upole kabisa, ambalo lilimwondolea Hosea usingizi. Kuna mwalimu wa Kiomboi naye alikuwa ameleta barua ya posa. Barua ipo juu ya kabati, haijafunguliwa. Jumamosi ikipita bila ng'ombe sita wa kuridhisha, itafunguliwa.

Ng'ombe watano Hosea alikuwa nao, wa marehemu baba yake. Wa sita ilibidi anunuliwe. Jumatano mchana tukaenda mnadani, Hosea, mimi mshenga wake, na fomu yenye vigezo thelathini na viwili.

Wafugaji waliacha kununua wakaja kututazama. Dalali mmoja, Damiani, mwenye kofia ya ngozi, alikuwa amemfunga ng'ombe jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Hosea akamwanza. Akamfungua mdomo akahesabu meno. Akamwinua mkia. Akapima kwato kwa rula. Akatazama kiwele, kimejaa, tiki. Ng'ombe alikuwa amefungwa pembe kwenye nguzo, anacheua, anamwangalia tu. Tabia: ametulia. Tiki. Saa nzima ilipita. Njaa ilikuwa imenishika na nyama ilikuwa inachomwa upande wa pili wa uwanja, nasema ukweli wangu.

Mzee mmoja akasogea, kaegemea fimbo yake.

"Kijana, mbona la kwanza huulizi? Huyu ametoka zizi la nani, na anauzwa kwa nini?"

Hosea alishusha kidole kwenye fomu, kigezo baada ya kigezo, hadi chini. Akageuza nyuma.

"Hicho hakimo, babu."

Damiani akakohoa kidogo. "Mwacheni msomi afanye kazi yake," akasema, na bei akaipunguza bila kuombwa. Hata hapo mimi, mshenga, mtu mzima na ndevu zangu, nilikuwa nawaza mishikaki.

Ng'ombe akaandikwa Namba Sita, tukaondoka naye. Kumkamua hakujaribu mtu, maana Hosea alisema maziwa ya mahari hayaguswi kabla ya mkwe kuyaona.

Jumamosi tulianza safari alfajiri. Hosea alivaa suti ya bluu, miwani na viatu nilivyomshonea mwenyewe, faili kwapani. Njiani nilimkumbusha mara tatu kwamba leo mwoaji hasemi, mshenga ndiye mdomo wake. Akakubali. Akaandika.

Tulipokaribia kwa mzee Simeoni, Namba Sita akaanza kuongeza mwendo. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana ng'ombe mgeni hachapuki kuelekea asikokujua. Akawapita wenzake watano, akakata kona bila kuelekezwa, akaingia langoni, akanyoosha moja kwa moja hadi pembe ya mwisho ya zizi. Ndama mmoja mkubwa akalia, akamkimbilia, akajichomeka kwenye kiwele.

"Umeona?" Hosea alininong'oneza, anang'aa. "Hadi ndama wa hapa wamempenda."

Wazee walikuwa wamesimama kando ya zizi. Tukawaamkia, wakaitikia, lakini mzee Simeoni macho yake yalikuwa kwenye ile pembe. Akaita taratibu, kama mtu anayejaribu:

"Tabu."

Namba Sita akainua kichwa.

Nimekuwa mshenga mara mbili kabla ya hapo. Sijawahi kuona ng'ombe wa mahari anayeitikia jina lake kwa mkwe.

"Mshenga," mzee akaniambia, "huyu nilimuuza mwenyewe Jumatano asubuhi. Niliapa asirudi zizini kwangu. Mnanirudishia kwa maana gani?"

Nikafungua mdomo nitafute neno la kuokoa nyumba, Hosea akanitangulia. Alifungua faili.

"Baba, kwa ruhusa yako, huyu ng'ombe amepita vigezo vyote thelathini na viwili. Meno, safi. Kwato, safi. Tabia, tulivu..."

"Tabia imeandikwaje?" aliuliza shangazi wa binti, Jenipher, aliyekuwa amesimama na akina mama.

"Tulivu."

Akina mama wakatazamana. Mmoja wao, mama mkwe mwenyewe, akajishika goti la kushoto kwa uchungu wa kumbukumbu. Wazee wakaanza kusemezana kwa Kinyiramba, na katikati ya maneno nikasikia "Kiomboi" mara mbili. Mzee mmoja alikwisha geuka kuelekea nyumbani, kwenye kabati. Hosea akafunga faili. Nikamwonea huruma hadi nikasahau kumkasirikia.

"Ngojeni," Jenipher akasema. "Mkwe ameandika tulivu. Basi amkamue hapa, tuone. Akipata hata kikombe kimoja, ng'ombe ahesabiwe. Akishindwa, barua ya mwalimu isomwe."

Wazee wakaona ni haki. Mimi nikaona ni mauaji, lakini mshenga hana kura.

Hosea akavua koti, akakunja mikono ya shati, akapewa ndoo ndogo. Ndama akaachwa avute kidogo, akaondolewa. Hosea akachuchumaa. Nilimwona midomo ikitembea. Nadhani alikuwa anajikumbusha hatua. Akashika chuchu ya kwanza.

Teke la kwanza lilichukua ndoo. La pili likamchukua Hosea.

Miwani ilikwenda upande wake na yeye upande wake. Alitua kifudifudi kwenye samadi mbichi ya wiki nzima, na suruali ile ya bluu, na matumaini yote. Hakuna aliyesogea. Akainuka kwa magoti, uso umezibwa, macho hayaoni kitu. Mbele yake kulikuwa na umbo kubwa limesimama, linahema, na akili yake iliyobaki ikamwambia kwamba huyo hawezi kuwa mwingine ila mama mkwe, amekuja kumwinua. Akajinyoosha, akainamisha kichwa kwa adabu zote alizolelewa nazo.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa ni Tabu.

Sauti ya mzee Simeoni ikasikika kutoka nyuma ya uzio, nzito, bila tabasamu:

"Marahaba."

Jamani. Kuna wazee pale walikaa chini. Jenipher alimshikilia mama mkwe na mama mkwe alishikilia mti wa zizi. Mzee Simeoni mwenyewe alijitahidi mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa koti, yakaja mengine.

Ni katikati ya kicheko hicho Jesca alipotoka ndani. Kwa desturi hakupaswa kuonekana bado. Alipita kati ya wazee, akaokota ndoo, akaisuuza kwa maji. Akamwekea Tabu kiganja ubavuni, akachuchumaa, akaanza kukamua huku akimwimbia kwa sauti ndogo. Yule ng'ombe alisimama kama amepigwa misumari. Povu likapanda hadi ukingoni.

Hosea alikuwa amekwisha futa jicho moja. Alitazama ndoo, akamtazama Jesca.

"Kumbe anakamulika."

"Kwangu mimi tu. Wengine wote anawapiga, hata mama."

"Sasa mbona hukuniambia? Ningejua mapema..."

"Hukuniuliza."

Hosea akamgeukia mzee Simeoni. Sasa alikuwa na unyonge ambao sikuwahi kuuona kwake tangu ile semina. "Baba, naomba kuuliza. Huyu ng'ombe aliuzwa kwa nini?"

"Hilo swali ungeliuliza Jumatano, hata Damiani niliyemuuzia angekujibu," mzee akasema. "Aliuzwa kwa sababu yako. Mkamuaji wake anaolewa. Nani mwingine hapa angemgusa?"

Akamwambia yule mzee aliyekuwa ameelekea kabatini arudi akae. Barua ya mwalimu itarudishwa Kiomboi kama ilivyokuja, na salamu. Mtu anayempa heshima hata aliyempiga teke, alisema, hawezi kumtesa binti yake.

"Na Namba Sita?" niliuliza, maana nilikumbuka kwamba mimi ndiye mshenga. "Anahesabiwa?"

"Namhesabu. Lakini hakai hapa, nimeapa. Siku Jesca anakuja kwenu, Tabu anakuja naye."

Hosea akashukuru sana, samadi inamdondoka masikioni. Halafu, kwa sababu mtu habadiliki kwa teke moja, akauliza kwa adabu kama mzee angeweza kumtajia mambo ya kuzingatia katika kuishi na hao wawili, angalau kwa mpangilio, ili asisahau.

Mzee Simeoni alifikiri.

"Hao wanaelewana siku nyingi, mkwe. Mgeni ni wewe. Siku za mwanzo kaa mbali kidogo, uwaache wao wakukague."