Mrembo wa Milango Miwili na Harusi ya Angelina

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Amelala uani. Mwekundu, mfupi, milango miwili tu. Mrembo! Gari la mbio la miaka thelathini, na kiuno bado anacho. Nimemnunua kwa ofisa mmoja wa Mtumba, mji wa serikali, aliyehamishwa. Ng'ombe sita wamekwenda. Loisi, mke wangu wa miaka arobaini na nne, kamwita mke mwenza. Kauliza magunia ya karanga yatakaa wapi. Nikamwambia mke mdogo habebi magunia.

Taa zake hulala ndani ya boneti. Ukibonyeza, zinainuka kama macho ya chura. Leo limeinuka jicho la kulia tu. Kanikonyeza!

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi mjukuu wangu Angelina anaolewa. Kwa utani wetu mimi babu ndiye mume wake wa kwanza. Huyo Cornel wa wizarani ananinyang'anya tu. Basi angalau nimpeleke kanisani kwa gari langu. Tatizo ni shemeji yangu Bartolomayo, kaka yake Loisi, ambaye naye anataka kumbeba kwa gari lake la viti saba. Lina sura ya kabati. Angelina kaamua: Babu, Ijumaa lako likifika Mtumba na kurudi bila kusimama, napanda lako. La sivyo napanda la viti saba.

Jumanne, 6 Agosti

Nimempeleka kwa Mwantum, fundi wa hapa Nkuhungu, Dodoma. Binti wa Kondoa, grisi hadi viwikoni. Kaniamkia shikamoo, kaniambia niwashe, kafumba macho, kasikiliza. Hajagusa hata spana! Akaanza kutaja magonjwa. Bushi za mbele zimekwisha, ndiyo maana anagonga kama mlango wa choo. Shokapu mbili zinavuja. Mkanda wa taiming haijulikani ulibadilishwa lini. Ukikatika, injini inajiua yenyewe. Rejeta imechoka. Jumla laki nane na nusu.

Nikakohoa. Nikamwomba atengeneze kinachoonekana kibovu tu. Kasema kinachoonekana kibovu ni mwenye gari. Nampenda sana binti huyu.

Tumepatana mkanda na bushi, laki tatu na nusu. Rejeta itasubiri. Kanisihi jambo moja: nisitie maji ya kisima, nitie kulanti ya kupozea injini, elfu arobaini dumu. Maji yetu yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe hata kwenye birika. Nikasema sawa, mwanangu.

Elfu arobaini kwa maji ya kijani! Mimi nimekunywa ya kisima miaka sabini na moja na sijachemka.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Watu wote wako Nzuguni kutazama ng'ombe wa maonyesho, gereji imefungwa. Nimebaki na Mrembo, aliyetoka kwa Mwantum jana. Ndoo moja ya kisima, rejeta imejaa, elfu arobaini imebaki mfukoni.

Nikamtembeza hadi barabara kuu. Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Hapo pana taabu, maana Angelina ana macho. Nikafikiri kama dakika kumi, kisha nikachomoa waya wa mshale. Ukalala chini kama mtoto aliyenyonya. Ugonjwa umekwisha, bure kabisa! Mwantum sitamwambia. Ataona haya.

Ijumaa, 9 Agosti

Mtihani. Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa Agosti unakata masikio. Bartolomayo kakaa kando yangu kama hakimu, magoti kidevuni. Barabara tupu. Nikakanyaga. Jamani! Mrembo akikolea hangurumi tena, anaimba. Bartolomayo kashika mlango kwa mikono miwili na kuomba kwa Kigogo, lugha ambayo siku zote anajifanya kaisahau.

Mtumba na kurudi. Hatukusimama! Bartolomayo kashuka taratibu, kakiri mbele ya watu kwamba huyu Mrembo ana moyo. Angelina kacheka: Haya mume wangu, kesho unanipeleka. Nimemwosha mara mbili. Gari, si Angelina.

Jumapili, 11 Agosti

Jana sikuandika. Mkono umeungua.

Tulianza vizuri. Angelina kiti cha mbele, shela imejaa mpaka kwenye gia. Mchungaji alishaonya: ndoa saa nne kamili, ukichelewa wanapita maharusi wengine, wewe unasubiri hadi saa nane. Nikasema kwa Mrembo safari hiyo ni dakika tano. Sikuhesabu matarumbeta.

Msafara wa harusi haukimbii. Pikapu ya matarumbeta inatangulia kwa mwendo wa kinyonga, mtaa mzima uone bibi harusi. Nyuma yake mimi, gia ya kwanza, jua, upepo hakuna. Mshale umelala, baridi kabisa. Nikasikia mlio kama wa birika. Kisha moshi mweupe ukafunika boneti. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ni mapambo! Nikawapungia. Mrembo akakohoa mara mbili, akazima.

Saa nne kasorobo. Nikafungua mfuniko wa rejeta. Sitaki kueleza zaidi.

Bartolomayo kasimamisha kabati lake, kateremsha mashangazi wanne, kampakia Angelina. Angenitukana ningepona! Nikabaki barabarani napuliza mkono. Angelina kachungulia dirishani: Hatuondoki mpaka mume wangu apande. Nikapanda kiti cha nyuma kabisa, nimekumbatia kreti ya soda. Tumefika imebaki dakika moja. Nimemkabidhi mwenyewe kwa Cornel, kwa mkono mzima. Kijana kalia kabla yangu. Afadhali.

Jumatatu, 12 Agosti

Mwantum kafungua injini. Ndani ya mfuniko wa oili kuna kitu kama chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi yenyewe imepinda, rejeta imeziba kwa ukoko. Kisha kaona waya wa mshale, umechomolewa. Kauinua kwa vidole viwili. Kasema katika miaka kumi na mbili ya ufundi hajawahi kuona kitu hiki. Nikamshukuru.

Laki tisa. Lakini kasema chuma chenyewe ni cha zamani, kizuri, nikikitunza kitanizika. Nimeapa mbele ya Loisi: kulanti tu, na fundi kwanza.

Ijumaa, 16 Agosti

Juzi Cornel kaleta dume la ng'ombe, zawadi ya babu kwa kumwachia mke. Nono! Linatosha kabisa kumponya Mrembo. Nikalipeleka mnadani, nikapata laki tisa na elfu ishirini.

Pale pale mnadani nikakutana na mtu wa Mtera. Ana ndugu yake Mrembo! Buluu. Macho yote mawili yanainuka! Hana injini, lakini gari lisilo na injini haliwezi kuchemka. Hilo hata Mwantum atakubali. Pesa ya dume ikaishia hapo hapo. Kashushwa uani leo kutoka kwenye lori la samaki. Loisi kayatazama yote mawili, kauliza ni lipi linalotembea. Nikamwambia asiwe na haraka.

Jioni Gladness, mdogo wake Angelina, kaja kutuonyesha pete. Harusi Desemba. Nimemwambia asihangaike na usafiri. Achague rangi tu.