Donge Chini ya Meza

Jumatatu, 3 Juni
Meneja mpya kaingia bekari na amri: eti tunapoteza muda, unga uumuke nusu saa tu, kisha tanurini. Nusu saa! Mikate itatoka matofali. Akauliza kama kuna mwenye maoni. Nikasema wazo zuri sana, meneja. Nina watoto wanaotaka kula.

Jumanne, 4 Juni
Hila! Nimefika kabla jogoo hajawika, nikakanda peke yangu, nikaficha unga stoo uumuke kwa raha zake. Meneja alipofika nikajidai ndiyo kwanza naanza. Mikate laini, ya kulalia! Tumeokoka. Meneja akabonyeza mmoja, akacheka, akasema si aliniambia?
Hilo sikulifikiria.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Meneja kamsimulia tajiri mwenye bekari. Kesho anakuja kujionea hiyo nusu saa, na mkandaji ni mimi. Nikiumbuka, kazi sina. Mke wangu kasema nikamwambie meneja ukweli, mficha uchi hazai. Nikamjibu hajui kuishi na bosi mkali. Akaniangalia mpaka nikaomba radhi.

Alhamisi, 6 Juni
Nilificha beseni la unga ulioumuka chini ya meza, niubadilishe na wa nusu saa tajiri akigeuka. Hakugeuka! Na meza iko karibu na tanuri. Nakanda, jasho linanitoka, naona kifuniko kinainuka chenyewe. Mungu wangu! Donge likafurika, likatambaa taratibu hadi kwenye kiatu cha tajiri. Akauliza hiki nini. Nikasema sikijui.
Meneja akainama, akampangusa tajiri kiatu. Heri angefoka.

Ijumaa, 7 Juni
Sikupata usingizi. Nimeitwa ofisini, nikaenda na aproni nimeikunja, tayari kuikabidhi. Hakunifukuza! Kasema kilichomuuma ni aibu mbele ya tajiri. Ningempinga Jumatatu angenisikiliza. Unga utaumuka kama zamani. Na kuanzia leo nikiona kosa niseme, hata likiwa lake. Nikaapa. Nusura nimbusu mkono.
Nimefika mlangoni, akaniita. Kasema anafikiria tuache kutia chumvi, wateja hawatagundua. Akaniuliza, kwa upole kabisa, naonaje.
Nikasema wazo zuri sana, meneja.
Chumvi ya kesho nimeshaificha stoo.