Vita vya Kufuli la Muda

Sogezeni viti, enyi mnaoijua kompyuta nanyi mnaoiogopa, mpate habari za vita nilivyopigana mimi, Simba wa Kibodi, Mfalme wa Mafaili, asubuhi ile nilipohamisha mistari miwili ya programu, na jua likaendelea na safari yake bila kugeuka kunitazama.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu mkuu. Alikuwa ameing'ang'ania mbele ya kamati ya shule kompyuta mpya yenye prosesa nane, yaani bongo nane za kufanya kazi kwa pamoja, kwa sababu mimi nilimwapia kwamba ripoti za wanafunzi mia saba, zilizokuwa zikila saa nne, zingetoka kwa nusu saa. Wazazi waliitwa saa nne asubuhi. Saa mbili na nusu nikabonyeza kitufe kwa madaha. Ilipogonga saa tatu zilikuwa zimetoka ripoti themanini na nane. Prosesa moja ilikuwa inatoka jasho. Saba zimekaa tu, kama wageni rasmi.

"Mdogo wangu," akasema dada, "wazazi wameshaanza kuingia ukumbini. Kamati nayo ipo. Niwaambie nini?"

Nikasimama, kiti kikaanguka. "Ewe dada uliyenibeba mgongoni! Humu ndani mna msaliti. Nitamsaka mstari kwa mstari, na nikimkamata, haki ya nani, yeye mwenyewe atawaandalia wazazi chai mbele ya umati!"

"Sawa. Ila fanya haraka."

Nikazama. Programu yangu ilikuwa na vibarua wanane, kila mmoja na prosesa yake, ila wote walipaswa kupita mlango mmoja wenye kufuli moja. Mmoja akiingia kuandika ripoti, saba wanasubiri nje mpaka atoke na ufunguo. Pembeni mwa kufuli palikuwa na maandishi: "La muda tu. Nitaliondoa kesho." Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita, na jina lilikuwa langu.

Jamani, niliona aibu. Zamani niliogopa vibarua wawili wasije wakaandika kwa pamoja katika daftari la nafasi za wanafunzi darasani; basi badala ya kulifunga daftari, nikafunga chumba kizima.

Nikaling'oa kufuli mlangoni, mistari miwili tu, nikalitia kwenye daftari. Prosesa nane zikaamka kwa pamoja. Dakika tano kabla ya saa nne, ripoti ya mwisho ikatoka, na dada akashusha pumzi ndefu.

"Na msaliti?" akauliza.

Nikashika birika la chai ya wazazi. Nikampelekea mzazi wa kwanza kikombe chake, nikarudi, nikamimina cha pili, nikapeleka, nikarudi.

"Wewe!" dada akaita kutoka mbele, ukumbi mzima ukisikia. "Kikombe kimoja kimoja hadi lini? Sinia si hilo hapo?"

Basi na iandikwe kwamba siku hiyo Simba wa Kibodi alipanga vikombe vinane juu ya sinia moja, akauvuka ukumbi, na hakumwaga hata tone.