Kituo Kiwe Upande Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Michoro ya reli ya mjini imebandikwa ofisi ya wilaya. Nimekwenda kuitazama, nikatoka nimevimba. Kituo cha njia panda yetu kimewekwa upande wa Lionel! Lionel, kaka wa mke wangu, anayeuza chai na mikate ng'ambo ya barabara huku akinichekacheka. Abiria wote watashukia mlangoni kwake. Mimi na duka langu la roti, chapati zenye samaki ndani, tutabaki kuwatazama migongo. Injinia, Bi Wanigasekara, amesema raia wana hadi Ijumaa kutoa maoni kwa maandishi. Maoni? Atayapata!

Jumatano, 6 Machi
Barua arobaini, zote zinaulalamikia upande wa Lionel. Mjane mwenye magoti mabovu hawezi kuvuka. Mwalimu mstaafu anasema mvua ikinyesha pale maji hujaa. Mzee mmoja alikoswakoswa na tembo palepale mwaka 1961. (Huyo nimempenda mpaka nikamwandikia ya pili.) Kila barua nimeandika rasimu kwanza, nikijaribu mwandiko na saini. Vidole vimekufa ganzi. Zimeshafika ofisini. Nimemwambia mke wangu, Premalatha, kwamba ameolewa na kichwa. Amesema roti zinaungua.

Jumatatu, 18 Machi
Nimeshinda! Mchoro mpya umetoka. Kituo kimehamia kwangu! Nimepita mbele ya Lionel mara tatu, polepole, nikipiga mluzi. Amesema, "Hongera, shemeji Upatissa. Ila usome mchoro wote."
Kijicho tu.

Jumanne, 19 Machi
Nimeusoma. Nguzo namba kumi na nne ya reli inasimama juu ya jiko langu. Ngazi zinashukia kwenye kaunta. Duka zima linabomolewa! Duka la marehemu baba! Premalatha hakupiga kelele. Amesema duka likienda, naye anakwenda kwa dada yake mjini Matara. Ameteremsha sanduku. Nimeogopa kwelikweli.

Jumatano, 20 Machi
Nimekwenda kuungama. Nimemwambia injinia barua zote ni zangu. Amenitazama kwa huruma. Eti hawezi kupuuza barua arobaini za wananchi kwa sababu mtu mmoja kageuza nia, tena yule mzee wa tembo ofisi nzima ilimlilia! Nikaapa. Akataka ushahidi.
Rasimu! Nimekimbia nyumbani mpaka ndala moja imebaki njiani. Rafu tupu. Premalatha amesema zimekwenda ziendako karatasi zote za nyumba hii: amezikunja, akazibandika kwa uji wa unga, zikawa mifuko ya roti. Zimeshauzwa na roti ndani. Kila duka hapa hufanya hivyo. Na mimi ndiye niliyemfundisha!

Alhamisi, 21 Machi
Nimepekua mapipa yote. Fundi baiskeli amesema mfuko wake umeliwa na ng'ombe. Wa muuguzi ulilowa mafuta, naye akautupa. Nikachungulia kwa Lionel. Chini ya birika, mfuko wangu! Saini ya mzee wa tembo mara tisa, na pembeni, kwa mwandiko wangu halisi: "Lionel atakoma." Kumbe shemeji hutuma watu kununua roti zangu kwa siri!
Nimemwomba. Nimemwambia dada yake Premalatha anafunga sanduku. Amecheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema, "Si ungesema mapema, bwana? Nipikie roti sita za moto, unihudumie mwenyewe mbele ya wateja wako. Mfuko nitaupeleka mimi."
Nimemhudumia. Ameomba na pilipili ya ziada.

Ijumaa, 22 Machi
Kikao cha wazi. Lionel kausoma mfuko kwa sauti, hadi pale pa "atakoma". Ukumbi umevunjika mbavu. Bi Wanigasekara hakucheka hata kidogo. Kituo kimerudi kwa Lionel. Duka limepona! Nimeamriwa kusimama na kuomba radhi. Nimeomba. Premalatha amerudisha nguo kabatini, nami nimelia kidogo. Nimeapa mbele ya picha ya baba: sitachezea tena maoni ya umma.

Jumapili, 24 Machi
Ofisi imetangaza kura ya jina la kituo. Kila simu, kura moja. Kituo kikiitwa Upatissa, nani atajali ngazi zinashukia wapi? Nimeshaazima simu kumi na moja. Ya kwanza nimeazima kwa Lionel. Nimemwambia yangu imeingia maji.