Kadi Mpya na Kiti cha Jumanne

Jumatatu, 7 Aprili

Kadi imefika! Saa nne asubuhi, kwenye masanduku ya barua ya jengo C. Nimeifungua papo hapo, na ndala za bwawani miguuni. Mikunjo mitatu, rangi tatu, mikono ya ushindi, yaani mipango ya kete inayoshinda, hamsini na ushee. Yote mipya! Huko New York kuna watu wanaokaa mwaka mzima wakiamua sisi wacheza majong, mchezo wa kete wa watu wanne, tushindeje, halafu siku moja wanatuma karatasi, na kila tulichokijua kinakuwa takataka. Mwili ulinisisimka. Saul akapita na gazeti lake, akauliza, Roz, nani kafa? Mume wangu hana ibada moyoni.

Sasa jambo lenyewe. Meza ya Jumanne ina viti vinne, cha Bernice, cha Mitzi, cha Lorraine na cha Dottie, na hicho cha Dottie ki wazi tangu ahamie Arizona kwa bintiye. Tunaokitaka ni wawili. Mimi, niliyesubiri miaka sita. Na Enid Rabinovitch, mjane wa Toronto, miezi mitatu tu hapa Florida na tayari anajua majina ya wajukuu wa kila mtu. Lorraine kapasuliwa jicho, hachezi mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo mimi na Enid tunajaza meza huku tukipimwa. Mpimaji ni Bernice Tabachnik. Ana kadi za miaka arobaini na mmoja, kila moja ndani ya plastiki yake.

Lazima nipange mambo.

Jumanne, 8 Aprili

Mpango ulikuwa kasi. Kete ikitupwa mezani, yeyote anaweza kuidai. Lakini mwenye zamu akishaokota kete mpya na kuiweka kwenye kibao chake cha kusimamishia kete, basi, dirisha limefungwa. Enid ni mtu wa kufikiri kwanza. Mimi nimekaa baada ya Mitzi, na jana nilifanya mazoezi jikoni kwa saa ya oveni. Mitzi akatupa, nami nikagonga kibao kwa kete yangu. Tak! Enid akabaki mdomo wazi. Mitzi akatupa tena. Tak! Raha iliyoje!

Mara ya tatu Bernice akainua kidole kimoja tu.

Akasema, bila kushika karatasi yoyote, kwamba ufafanuzi uliokuja na kadi ya mwaka huu, aya ya nne, umeondoa shaka: kete kugusa kibao si kitu, lazima isimame juu yake. "Wewe unabisha hodi tu, mama," akaniambia. "Hujaingia."

Ufafanuzi huo umefika jana! Mimi niliufanya kialamisho. Yeye ameshauhifadhi mpaka alama za mkato. Enid akapewa kete yake, na Mitzi akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Nilipaswa kuona haya. Kwa kweli nilitaka kumpigia Bernice makofi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimempelekea Bernice supu ya kuku, na ndani ya supu hiyo mtego. Nikamuuliza, kama mtu asiye na neno, itakuwaje mchezaji akitaja jina la kete halafu akaitupa nyingine. Nilitumaini atasita. Mtu aliyesita huhitaji msaidizi, na msaidizi huhitaji kiti.

Hakusita. Akanipa kanuni ya leo, kisha ilivyokuwa kabla haijabadilishwa, kisha mabishano yaliyoleta mabadiliko, na nani alilia. Huku anaonja. Akasema supu imepungukiwa bizari. Nimerudi nyumbani nimenyamaza. Saul kanipima joto.

Jumanne, 15 Aprili

Sikukuu ya Pasaka yetu Wayahudi, kwa hiyo makaruni, vile vibiskuti vya nazi vya kopo, na mikate isiyotiwa chachu. Makombo kila mahali. Bernice akasema leo ataamua.

Na kete zikaanza kunijia! Sijawahi kuona. Maua mawili. Mbili mbili. Nne nne. Jozi juu ya jozi, mkono mgumu kuliko yote, ule usioruhusu hata jokari moja. Ikabaki kete moja tu nishinde. Kisha Mitzi akaitupa, ikalala pale katikati kama imetumwa kwangu.

Majong! Nikatangaza ushindi, nikalaza kete zangu zote. Mitzi akabomoa zake, kukubali kushindwa. Bernice akabomoa zake. Nilisikia machozi yananilenga, sisemi uongo.

Enid peke yake hakugusa kete zake. Akaomba samahani, akauliza kama anaweza kuangalia kadi.

Mkono wangu haumo. Ulikuwa kwenye kadi ya mwaka jana.

Mkono wangu ukafa pale pale. Mitzi na Bernice, waliokwisha kubomoa, wakafa nami. Enid akabaki mzima peke yake, na ushindi ukawa wake. Lakini hakuna aliyenitazama mimi. Wote tulimtazama Bernice. Miaka arobaini na mmoja hajawahi kubomoa kabla ya kukagua. Mitzi akamuuliza, shoga, umepatwa na nini?

Bernice akakusanya makombo kwa kiganja. Akasema uso wa Roz ulivyong'aa, hakuwa na moyo wa kukagua.

Jumatano, 16 Aprili

Karatasi chini ya mlango. Mwandiko wa Bernice, mistari iliyonyooka. Anasema kanuni ya meza yetu, aliyoitunga yeye, ni kwamba mkaguzi wa siku akibomoa kabla ya kukagua hukaa nje mpaka kadi nyingine itoke, na Jumanne mkaguzi alikuwa yeye. Haisemi "isipokuwa Bernice". Kiti cha Dottie ni cha Enid. Na kwa kuwa meza haiendi na watatu, kiti chake mwenyewe ni changu.

Mwaka mzima! Kajihukumu mwenyewe, na saini kaweka. Nimesoma mara nne nikiwa nimesimama.

Nimepata kiti! Nimempikia Saul mayai.

Jumanne, 29 Aprili

Lorraine karudi. Nimekaa kwenye kiti cha Bernice. Yeye alikaa pembeni kama mtazamaji, mikono mapajani, na mtazamaji hasemi. Enid aligonga kibao bila kusimamisha kete, mara mbili, na hakuna aliyetaja aya yoyote. Nilimwona Bernice anauma mdomo. Nilishinda mchezo mmoja, kwa kadi ya mwaka huu, na haukunoga hata kidogo. Nilitaka anikosoe. Ninamtaka mezani, mbele yangu, na kidole chake.

Kwa hiyo nimeshapanga. Kesho nitamwambia Bernice kwamba nilifanya makusudi. Kwamba nilijua ni mkono wa mwaka jana na niliulaza ili kumlaghai. Aliyelaghaiwa hana kosa, hukumu itafutika, atarudi. Atanisamehe kabla ya kahawa kupoa, na mimi nitabaki nilipo. Sioni pa kuharibika.

Viti ni vinne na tutakuwa watano. Hilo nimeliona. Nimeshaanza kumwandalia Enid mpango.