Ng'ombe wa Mikomani

Jumamosi, 20 Julai

Nimeamka na azma. Mikomani haiuzwi! Si mti mmoja, si kokwa moja ya koma.

Asubuhi nimekwenda kutembea huko msituni nikakuta vigingi. Vyekundu, kuanzia ukingo wa mtaa hadi karibu na mchanga wa pwani. Nikauliza vya nani. Nikaambiwa vya Fahmi. Nani tena! Fahmi ni mtoto wa ami yangu. Amerudi kutoka Ulaya na viatu vyeupe na mkoba wa hati, sasa ni dalali wa viwanja. Kila anayerudi Kismayo anataka nyumba, na kila anayetaka nyumba anamtafuta Fahmi.

Mimi pia nimerudi. Lakini miaka ishirini na mbili Mombasa, chumba kimoja na karakana ya vyuma nyuma ya ukuta, mimi sikuota nyumba. Nilikuwa nikifumba macho naingia Mikomani. Mikoma, mirefu kama minazi, inasuguana juu, hua wanaitana, paa anapita bila haraka. Niliporudi nikakuta duka la baba halipo, mtaa una sura nyingine, hata kaburi la mama nilionyeshwa. Mikomani ilikuwa vile vile. Nilikaa chini ya ule mkunazi mkubwa wa katikati nikalia, wala sikuona haya.

Nina mpango. Sitauandika hapa. Dada yangu Dalila, ninayekaa kwake, huisoma shajara hii akidhani sijui.

Jumapili, 21 Julai

Mpango ulikuwa kung'oa vigingi. Haya, Dalila, umeshajua.

Nimeng'oa thelathini na kimoja. Kazi ngumu! Nikaketi kupumzika kidogo, kivuli kikanichukua. Nikaota miti imejipanga safu inakwenda msikitini, mkunazi mbele, mikoma nyuma, na kila mti umevua majani yake mlangoni. Nikaota namtafuta mama kwenye safu. Nimefumbua macho, Fahmi amesimama mbele yangu, na mimi nina vigingi tele mapajani.

Nikamwambia upepo umeving'oa, nami nilikuwa namkusanyia. Akanishukuru! Akasema damu ni kitu kikubwa, kisha akaniomba nimsaidie kuvirudisha. Nimevirudisha. Vyote. Yeye hajui hata kushika nyundo, ikabidi nimwonyeshe.

Tukigonga akanilalamikia. Wazee hawataki kutia sahihi. Wanasema mji unaishia kwenye msikiti wa zamani, Mikomani ni nje ya mji, na nje ya mji hapagawiwi viwanja. Bila sahihi zao hauzi hata hatua moja. Nikampa pole. Moyoni nikacheka.

Jumanne, 23 Julai

Wazo! Limenijia nikisinzia, baina ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili.

Ng'ombe! Zamani, kabla ya vita, kila mwaka ukigeuka fahali alizungushwa mji mzima huku Yasini ikisomwa, kisha akachinjwa uwanjani kando ya msikiti wa zamani, nyama ikagawiwa watu. Alipopita ng'ombe balaa haliingii. Mimi nilikuwa mdogo, niliwahi kuushika mkia. Basi tuirudishe desturi, na ng'ombe apite nyuma ya Mikomani, upande wa bahari, aizungushe nayo. Nani atathubutu kuupiga shoka mti uliosomewa? Mkono wake utapooza!

Nimemwambia Dalila. Alikuwa anapika mikate ya anjera. Akaniuliza kama nakumbuka ng'ombe huzunguka nini hasa. Nikamwambia huzunguka kwa ajili ya ulinzi. Akasema hakuuliza kwa ajili gani, ameuliza nini. Nikaona maswali yamekuwa mengi, nikatoka.

Alhamisi, 25 Julai

Mwalimu Husein wa msikiti wa zamani amekubali. Anasema kisomo ni kisomo, nyama ni sadaka, na watu wamemaliza miaka mingi bila kula pamoja. Nikamchorea njia kwa kijiti mchangani. Alipoona inapita nyuma ya Mikomani aliinua uso.

"Una hakika, Mukhtari?" akasema. "Alipopita ng'ombe ndipo alipopita. Hatumrudishi nyuma."

Nikamjibu nina hakika kuliko nilivyo na hakika ya jina langu. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani amestaajabu jinsi nilivyoiva.

Tatizo moja dogo. Hatuna ng'ombe.

Ijumaa, 26 Julai

Tuna ng'ombe! Na ametolewa na nani? Na Fahmi!

Baada ya sala ya Ijumaa nilitangaza njia. Fahmi akasimama, machozi yanamlengalenga, akasema ng'ombe ni juu yake, tena fahali mkubwa kutoka upande wa mto. Masikini mjinga! Anainunua kamba ya kujinyongea. Nilijifanya nakohoa ili nisicheke mbele ya watu. Aliomba ashike kamba ya ng'ombe yeye. Nikakataa. Kamba ni yangu.

Jumapili, 28 Julai

Siku yenyewe. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umechubuka.

Tulitoka jua likichomoza. Fahali mweupe, pembe zimepakwa mafuta. Kinamama nyuma na vyetezo, moshi wa ubani unatambaa chini chini na ukungu wa bahari, hata miguu ya watu haionekani. Mbele wanasoma, nyuma wanaitikia. Nilikuwa na miaka hamsini na minne na miaka saba kwa wakati mmoja. Tulipopita nyuma ya Mikomani hua walinyamaza wote. Nilijua wananisikiliza mimi.

Tukafunga mzunguko salama. Sasa tumpitishe ng'ombe njia ya mkato, tumpeleke uwanjani akachinjwe. Njia ya mkato inapita Mikomani. Ng'ombe akasikia kivuli. Mimi nilikuwa nimejifunga kamba kiganjani, mizunguko mitatu, nionekane imara. Akaingia msituni mbio, nami nikaingia naye, kifua chini. Akafika kwenye mkunazi mkubwa, akalala. Tulimvuta, tulimsukuma, Mwalimu Husein alimbembeleza. Wapi! Mwisho Mwalimu akasema basi, achinjwe pale pale.

Akachinjwa chini ya mkunazi. Watu wakala hapo hapo, wakalala hapo hapo. Nilipitiwa na usingizi nikiwa na mfupa mkononi. Siku nzuri kuliko zote tangu nirudi.

Jumatatu, 29 Julai

Fahmi amekuja na halua. Wazee wametia sahihi zote!

Nikamwuliza sahihi za nini. Akanieleza taratibu, kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniumiza. Anachokizunguka ng'ombe ni mji. Ndani ya njia yake ni mjini, nje ni porini. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Wazee wamesema wamemwona kwa macho yao akipita nyuma ya Mikomani.

"Umeitia mjini wewe, kaka," akasema. "Mimi nilishakata tamaa."

Nilikuwa najua! Hilo nilifundishwa nina miaka saba! Nilikumbuka ulinzi, nikakumbuka nyama, nikakumbuka mkia, nikausahau mji.

Halua ilikuwa nzuri. Nimeila yote huku nalia.

Jumatano, 31 Julai

Mashoka. Yanasikika mpaka kitandani. Mikoma sita imelala tangu asubuhi. Nimefumba macho kama Mombasa, niingie Mikomani. Nimeingia, nikasikia mashoka na huko.

Nimegeukia ukuta. Dalila ameniwekea chai, akanitazama, akavaa buibui lake akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Alhamisi, 1 Agosti

Alikwenda kwa Mwalimu Husein. Na kinamama kumi na wawili.

Alimwuliza jambo moja tu. Kwa nini ule uwanja wa msikiti wa zamani haujajengwa hata kibanda, na kila mtu anautamani? Mwalimu akajibu kwa sababu ndipo alipokuwa akichinjwa ng'ombe. Mahali pa damu ya ng'ombe ni pa mji mzima, hapauzwi wala hapajengwi. Dalila akamwuliza mwaka huu amechinjwa wapi.

Leo wazee wamesimama chini ya mkunazi, wakapima hatua hamsini kila upande. Ndani ya hapo shoka haliingii. Fahmi alifungua mkoba, akafunga, akafungua. Akasema wamemlia theluthi ya viwanja vyake.

"Ng'ombe ni wako, Fahmi," Dalila akamwambia. "Mlalamikie yeye, ndiye aliyelala."

Basi. Mkunazi umebaki, na mikoma kumi na tisa. Nimeihesabu mara mbili kwa kuigusa. Iliyobaki nje ya hatua hamsini itakwenda, na sina la kufanya. Jioni paa amekuja mpaka kwenye mpaka, akasimama, akaingia ndani.

Dalila ameniambia nishukuru, nikae kimya. "Wewe ni mchu wa kulala tu," akasema, akilitamka 'mtu' kama mama. "Lala." Ameniletea jamvi mwenyewe.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimelala chini ya mkunazi toka adhuhuri. Mwanga wa kijani, upepo wa kusi, kunazi zikidondoka moja moja kifuani. Nikaota mama amekaa ukingoni mwa jamvi, anachagua mbivu. Nimeamka nikiwa mtulivu kabisa, na kila kitu kikawa wazi.

Nani alishika kamba? Mimi! Nani alimleta ng'ombe mpaka hapa? Mimi, kwa kifua changu! Mpango haukuwa na kosa. Ulikuwa mdogo tu.

Sasa, ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari, kuna msitu wa mikoko. Mzima, haujaguswa, wazee wanasema ni nje ya mji. Hauna mlinzi yeyote! Mwakani tumzungushe ng'ombe nyuma yake, aulinde nao.

Dalila simwambii, atauliza maswali. Nimekwenda moja kwa moja kwa Fahmi. Amesikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga tena. Ametoa ng'ombe wawili.