Kitanda Kilichokwenda Kununua Mkate

Jumatatu, 16 Desemba

Tumefika! Babu ameegesha Kobe kambini, kwenye kiwanja kilekile cha kila mwaka, bahari mbele, karavani ya Bi Adonis, jirani yetu wa kila Desemba, ubavuni. Kobe ni gari-nyumba letu: kitanda cha Babu nyuma, meza na viti viwili virefu katikati, na juu ya usukani, chini kabisa ya paa, kitanda changu. Kiota changu. Huwezi kukaa wima humo. Kinanifaa kabisa. Nitaandika sura ya pili ya tasnifu yangu, inayohusu upweke. Msimamizi anaitaka Januari. Alisema sura ya kwanza inasomeka kama kazi ya mtu aliyekuwa akisumbuliwa. Ni kweli. Nilikuwa nikisumbuliwa.

Jioni, simu. Wifi yangu Charnelle. Mama anayewaangalia watoto wake ameacha kazi ghafla, naye na kaka yangu Granville wana zamu Worcester hadi mkesha wa Krismasi. Kwa hiyo watoto wote watatu wanakuja kesho. Watalala kitanda cha juu, mimi nitahamia hemani. Alisema hivyo kama anaagiza viazi.

Hema! Lile la kijani, lenye tundu, linalonuka chambo!

Nikamwambia asiwe na shaka, Kobe ina nafasi tele ambayo bado haijafikiriwa. Kila mtoto atapata pa kulala humo ndani na mimi nitabaki nilipo. Charnelle akacheka. Akasema haya wifi msomi, ila siku nikisikia mwanangu hata mmoja kalala chini, unatoka wewe.

Babu alikuwa akisikiliza. Akasema gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili na sufuria moja. Babu si mtu wa nadharia.

Jumanne, 17 Desemba

Granville amewashusha akageuza gari papo hapo, kama mtu anayekimbia mvua. Jaydene, miaka kumi na mmoja. Ruwaan, minane. Tashmi, minne. Mchoro wangu wa vitanda, niliouchora jana usiku, ulitumia urefu wao wa Pasaka. Jaydene amerefuka tangu Pasaka bila kumtaarifu mtu.

Hata hivyo! Meza ya Kobe hushushwa ikalingana na viti. Ukitandika mito juu yake, ni kitanda. Jaydene na Ruwaan wamelala hapo mzungu wa nne, wakigombania upande wenye dirisha. Tashmi nimemshonea machela kwa turubai la kiti cha kuvulia cha Babu na mpini wa ufagio, nikaitundika kati ya viti vya mbele. Kazi safi. Babu alikuwa majabalini akivua samaki, sikuona haja ya kumwambia kuhusu kiti.

Bi Adonis alikuja kutusalimia. Akasema kwenye karavani yake kila mjukuu ana kitanda chake, taa yake na soketi yake. Akaitazama machela kwa muda. Akauliza, huyu mtoto kafanya kosa gani?

Wivu.

Jumatano, 18 Desemba

Tashmi hujinyoosha anapoamka. Hilo sikuwa nalijua. Alfajiri alinyoosha mguu, kisigino kikatua kwenye honi, kikabaki hapo. Sauti ya Kobe ni ya lori. Kambi nzima ilitoka nje, wengine na taulo tu. Mzee wa kiwanja cha pili aliuliza kwa ukali kama kuna moto. Tashmi akamjibu kupitia dirishani kwamba hapana, kuna yeye.

La pili ni baya zaidi. Babu hunywa kahawa mezani kila siku kabla ya jua kuchomoza. Alisimama na kikombe chake akimtazama Ruwaan kama unavyotazama gari lililoegeshwa mlangoni pako. Halafu akaweka sahani ya mkate mkavu kwenye mgongo wa Jaydene, akachovya, akala. Jaydene hakuamka.

Baada ya kifungua kinywa akaniita nje. Akasema, mama, hapo mezani nilikuwa nakunywa kahawa na bibi yako. Sasa nakunywa mwenyewe. Meza usiiguse.

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimepata! Chini ya kitanda cha Babu kuna sanduku kubwa la kuhifadhia viti, fimbo za kuvulia na kamba. Nimetoa nilivyoviona, nikatandika godoro, nikaacha mlango wake wa nje wazi kwa ajili ya hewa. Ruwaan aliingia akatangaza kuwa ni chumba cha siri na hahami tena. Jaydene alipewa ujia kati ya viti, juu ya mito. Kisheria mito si chini. Tashmi kwenye machela, soksi nene mguuni.

Nilipanda kiotani. Nikaandika: "Upweke ni". Nikalala.

Ijumaa, 20 Desemba

Kumbe kopo la biskuti za tangawizi za Krismasi lilikuwa sandukuni, nyuma kabisa, ambako Babu hulificha kila mwaka. Ruwaan amekula safu mbili. Leo hataki chai, hataki uji, hataki kuguswa tumbo. Na chumba cha siri hakitaki tena. Anasema, Shangazi, Babu akilala juu yako unasikia kama anavuta trela mlimani. Babu aliuliza nani kala biskuti. Ruwaan akasema siafu. Babu akasema siafu hao waje wapige mswaki.

Halafu Jaydene akaniambia kwa upole kuwa ujia ni sakafu. Na kwamba mama yake hupiga simu kila jioni.

Nilifikiri mchana kutwa. Jibu lilikuja wakati Bi Adonis akisifu hema lake la mbele: turubai la ubavuni! Kobe inalo, halijafunguliwa miaka. Linaingia kwenye reli ya gari na kufungwa kwa zipu. Nimelisimamisha kwa nguzo zake, nikatandika vitanda viwili vya kukunja, cha Jaydene na cha Ruwaan, nikazungushia taa za Krismasi. Chumba! Nikampigia Charnelle kabla hajanipigia. Nikamweleza kuwa kilichofungwa zipu kwenye gari ni sehemu ya gari, kama mkono ulivyo sehemu ya mwili. Akasema, wifi, usiniletee mambo ya chuo. Halafu akauliza, zipu inafungwa vizuri? Nikasema vizuri sana. Akasema haya.

Haya! Nimeshinda!

Jioni, kabla ya hayo, Bi Adonis alikuwa amekuja mbele ya Babu kusema kuwa ana vitanda viwili vitupu, watoto walale kwake. Nikamshukuru kwa namna ambayo si ndiyo wala si hapana. Babu alikwenda kulala mapema, miguu ilikuwa inamuuma kwa sababu amevulia amesimama siku nzima. Analalamika kuwa hakioni kiti chake. Ya turubai yote niliyafanya yeye akiwa ameshalala. Nikachomoa na fyuzi ya honi, ili Tashmi ajinyooshe kwa amani. Kuhusu honi na turubai nitamwambia Babu wakati mwingine. Kwani vinamhusu nini?

Kimya kila mahali. Nimeandika sentensi nzima: "Upweke ni mahali." Nimeziba masikio yangu. Nina furaha.

Jumamosi, 21 Desemba

Niandike tu ilivyokuwa.

Kila Jumamosi Babu hufuata mkate wa moto kwenye kibanda cha shambani, njia ya Mossel Bay, maana huisha mapema. Na uzuri wa Kobe ni kwamba mtu hutoka kitandani hadi kwenye usukani bila kuvaa viatu. Alimkuta Tashmi kwenye machela, akamnyanyua akamlaza kando yangu, akaikunja machela (kiti chake alikitambua, alisema, lakini aliamua kukasirika baada ya mkate). Wale wawili hakuwaona. Alidhani nimefanya kama mtu mwenye akili, nimewapeleka kwa Bi Adonis.

Akawasha gari.

Turubai lilifuata gari. Nguzo zilianguka kwa upole, zipu ikaachia, reli haikuachia. Jaydene na Ruwaan wakabaki kwenye vitanda vyao, katikati ya kiwanja kitupu, chini ya anga, wamelala fofofo.

Watu walitoka mbio nyuma ya Kobe wakipunga mikono na kupiga kelele. Babu naye akawapungia. Anasema alifurahi kuona mwaka huu watu wana moyo wa sikukuu. Alitaka kuwapigia honi ya salamu. Honi haikulia.

Mimi niliamka kwa sababu kulikuwa na mguu wa mtu shavuni mwangu na harufu ya mkate puani. Nikavuta pazia. Foleni ndefu ya watu ilikuwa ikinitazama. Nyuma yetu turubai lilikuwa limelala barabarani kama shela ya bibi harusi, na taa zake zote. Muuza mkate alimuuliza Babu kama leo kuna harusi. Babu akasema hapana, ni mjukuu wangu, yuko chuo.

Tuliporudi, Bi Adonis alikuwa ameketi kati ya vitanda viwili na mwavuli, akiwakinga watoto jua. Bado walikuwa wamelala. Hakunicheka. Aliniambia kwa kunong'ona nipunguze sauti. Heri angenicheka.

Charnelle alijua kabla ya saa mbili asubuhi. Hakupiga kelele hata kidogo. Alisema neno moja: Hema.

Jumapili, 22 Desemba

Naandika kutoka hemani. Tundu liko palepale. Upepo nao unalijua.

Watoto wote watatu wako kiotani mwangu. Hawakulala kwa urefu kama mimi. Wamelala kwa kukingama, wamepangana kama soseji kwenye wavu wa nyama choma, na nafasi imebaki. Babu akaniuliza kwa nini hatukuanza hivyo siku ya kwanza. Nikamwambia kwa sababu mimi ndiye nilikuwa humo. Akasema ahaa.

Giza lilipoingia tu, zipu ikafunguka. Tashmi na mto wake. Akasema, Shangazi, juu kuna joto, na Ruwaan ananuka tangawizi. Kisha Ruwaan, eti huku bahari inasikika. Kisha Jaydene, ambaye ni mkubwa, amekuja kuwasimamia tu. Watu wanne kwenye hema la wawili! Walipotulia nikajikongoja hadi kiotani. Sikuwahi hata kuvuta blanketi, wakawa wameshapanda. Nikarudi hemani. Wakarudi hemani.

Jumanne, 24 Desemba

Charnelle na Granville wamefika mapema kuliko walivyosema. Charnelle akafungua hema. Watoto wake wote watatu chini, juu ya mkeka, wawili juu ya miguu yangu, mmoja juu ya sura ya pili. Nikafumba macho nikingoja. Alicheka hadi akakalia ndoo ya samaki ya Babu.

Kisha akauliza, kwa hiyo juu hakuna mtu?

Akapanda. Nilimsikia akijigeuza, upande huu, upande ule. Kisha sauti dirishani: Granville, hebu leta mito.

Ijumaa, 27 Desemba

Hawaondoki hadi Mwaka Mpya. Bi Adonis amenikaribisha mara tatu: kitanda, taa, soketi. Nimekataa kwa heshima. Mtu hawezi kuandika kuhusu upweke kwenye karavani ya watu sita.

Lakini leo, nikianika taulo, nilitazama juu. Paa la Kobe! Bapa, pana, tupu kabisa. Hakuna aliyewahi kulifikiria! Nimeshatandika godoro, nimefunga kamba ubavuni lisiteleze, na hapo juu nyota ni nyingi na watoto hawaifikii ngazi. Naandikia hapo sasa hivi. Sura ya pili itakamilika wiki hii.

Babu amepita chini akiuliza nani anataka mkate kesho. Nimemwambia mimi, tena miwili. Kuhusu paa sijamwambia. Atashtuka bure.